Mtoto Anataka Kusomea Uhandisi Ng'ambo? Leteni Karatasi Hapa

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, baraza ya nyumba yetu hapa Langoni, Lamu, hugeuka ofisi. Mzazi huja na faili la plastiki, kijana yuko nyuma yake ameinamia simu, na kahawa haijamiminwa nishaulizwa: "Injinia, pazuri ni Uturuki au Malaysia?" Nami huwauliza: anataka kuwa injinia wa nini? Hapo hutazamana.

Swali la nchi lije mwisho. Ukienda kwa fundi wa Matondoni ukamwambia akuundie chombo, hatakuuliza kwanza rangi. Atakuuliza ni cha kuvulia, cha kubebea mchanga au cha kushindania. Nimezaliwa na fundi wa aina hiyo, najua. Basi na uhandisi ni hivyo hivyo. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe kule ghuba ya Manda, Mei 2021, vijana wengi huniambia wanataka "uhandisi wa bandari". Shahada zenye jina hilo ni chache mno. Ukipenda ukuta wa gati na mchanga ulioushikilia, soma ujenzi. Ukipenda kreni, soma mitambo. Ukipenda chombo chenyewe, kuna uhandisi wa meli, na huo hausomeshwi kila mahali: kuna chuo cha CUSAT mjini Kochi, India, kuna Strathclyde mjini Glasgow, kuna ITU ya Istanbul, iliyoanza mwaka 1773 kama shule ya wahandisi wa jeshi la majini. Ukishajua tawi, orodha yako ya nchi hujipunguza yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu.

Mwaka 2012 wakala mmoja wa Mombasa alinitafutia nafasi Malaysia. Barua ilikuja na nembo ya kung'aa, baba akaisoma mara tatu na asijue Kiingereza. Kozi iliandikwa "Bachelor of Engineering Technology". Sote tuliona "Engineering" tukatosheka. Lile neno la mwisho tulidhani ni pambo. Nikasoma. Muhula wa tatu, msichana wa Kisudani niliyekuwa nikila naye aliniuliza, bodi ya kwenu itakuandikisha kama nani? Sikuelewa swali. Nikalala nalo, asubuhi nikaenda maktaba kulitafuta.

Nilichokikuta ni hiki. Kuna makubaliano ya kimataifa yanayoitwa Washington Accord, ya mwaka 1989, ambapo bodi za nchi wanachama hukubaliana kwamba shahada za uhandisi zilizopewa ithibati, yaani zilizokaguliwa zikakubaliwa, na mmoja wao zina uzito sawa kwa wengine. Malaysia iliingia 2009, Uturuki 2011, na baadaye India 2014, China 2016. Shahada niliyokuwa nikiisoma haimo humo. Ina makubaliano yake, Sydney Accord, ya matekinolojia wa uhandisi. Si shahada mbovu, na anayeitaka kazi ile aisome kwa moyo mkunjufu. Leo hapa Kenya wana hata bodi yao, KETRB, chini ya sheria ya mwaka 2016. Ila mimi nilitaka kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, EBK, na mlango huo si ule. Nikahama chuo. Katika masomo yote ya mihula mitatu, manne tu ndiyo yaliyokubaliwa nilikohamia. Baba akauza fungu lake katika mashua ya ndugu zake ili nianze upya. Hajanitajia hata siku moja, lakini mashua ile ingaliko, na kila ikifunga jetini na mchanga wake mimi huangalia kando.

Kwa hivyo ukija kwangu na barua, nitakupa penseli. Piga mstari chini ya jina la kozi, lote, kama litakavyoandikwa kwenye cheti. Kisha jina la kampasi, maana vyuo vingi vina kampasi tatu nne na kilicho sawa mjini huenda kisiwe sawa tawini. Kisha tafuta nani hutoa ithibati ya uhandisi nchini humo: Malaysia ni EAC, iliyo chini ya bodi yao ya wahandisi, Uturuki ni MÜDEK, India ni NBA, Marekani ni ABET, Uingereza ni taasisi za taaluma zilizo chini ya Engineering Council. Ingia kwenye orodha ya mtoa ithibati mwenyewe. Tovuti ya chuo ni muuza samaki. Hajawahi kukwambia wake wameoza.

Ithibati hupewa kozi, haipewi chuo kizima. Umeme yaweza kuwa nayo na mitambo ya jengo la pili isiwe nayo. Tazama na miaka: mara nyingi orodha husema ni ya waliohitimu kuanzia mwaka fulani hadi fulani. India kuna mtego wake. Watakuonyesha cheti cha NAAC chenye alama ya A, ukadhani umemaliza. NAAC hupima chuo. Unayoitaka ni NBA, na hata hiyo ina madaraja mawili. La kwanza, Tier I, ndilo linaloingia katika Washington Accord. Muulize wakala daraja la kozi yake uone atakavyoanza kukohoa.

Halafu, kabla ya kulipa hata shilingi, waandikie EBK barua pepe: nataka kusoma kozi hii, chuo hiki, kampasi hii, je, nikirudi mtanisajili? Jibu likija lihifadhi mahali pawili. Shahada ya nje huhitaji pia kutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, basi nao waulize mapema. Kujiita mhandisi hapa Kenya bila kusajiliwa ni kosa kisheria, ijapokuwa mimi mtaani nimeitwa Injinia tangu siku ya kuondoka.

Pesa. Barazani utasikia "Ujerumani ni bure". Ni kweli nusu. Vyuo vingi vya umma havitozi karo, ila Baden-Württemberg, penye vyuo vya Stuttgart na Karlsruhe, mgeni asiye wa Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha ufundi cha München nacho kimeanza kuwatoza wageni. Kisha kuna akaunti ya kufungiwa pesa ambayo ubalozi huitaka kabla ya viza: tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, ambazo hutolewa kidogo kidogo, euro 992 kwa mwezi. Ni pesa zako na utazila wewe, lakini lazima ziwepo zote siku ya kwanza. Tena KCSE peke yake kwa kawaida haikupeleki darasani moja kwa moja. Utapita Studienkolleg, kozi ya maandalizi ya kama mwaka mmoja, kwa Kijerumani, na wa uhandisi huchukua tawi linaloitwa T. Kuomba kupitia uni-assist, ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo vingi, ni euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata. Mwenye kuyaweza haya hajutii. Shahada zao ni nzito, na ukihitimu una miezi 18 ya kutafuta kazi kule.

Uturuki wana ufadhili wa serikali, Türkiye Bursları. Kuomba hakulipiwi, anayekudai ada ya fomu ni mwizi. Dirisha huwa Januari hadi Februari, na kwa shahada ya kwanza uwe hujafika miaka 21. Wanakupa chumba, tiketi, posho na mwaka wa kujifunza Kituruki. METU ya Ankara husomesha kwa Kiingereza, na kozi nyingine nyingi ni kwa Kituruki, basi soma fomu usije ukashangaa. Na hata masomo yakiwa kwa Kiingereza, fundi wa karakana atakukemea kwa lugha ya mamake. Malaysia na mimi, niliyejifunza neno "awas", yaani hadhari, siku niliyotaka kuegemea tanuri, ni mashahidi.

Uingereza, wengi wenye KCSE huambiwa waanze na mwaka wa msingi. Uhesabu katika bajeti, pamoja na ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza.

Popote uendapo, uliza karo ya mwaka wa nne, usiulize ya mwaka wa kwanza tu.

Orodha za vyuo bora duniani, QS na wenzake, zitazame kama unavyotazama rangi ya chombo. Sehemu kubwa ya alama ni sifa na utafiti, na mtoto wa mwaka wa kwanza hali utafiti. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Wa mwaka wa kwanza bado yuko fungate. Muulize: kwa wiki mnaingia karakana mara ngapi, na mashine mnaigusa au mnaionyeshwa? Atachimenti mnatafutiwa au kila mtu na lwake? Mlioanza pamoja, wangapi mngalipo? Swali la mwisho akilijibu haraka, vizuri. Akicheka kwanza, mwache amalize kucheka, kisha sikiliza.

Wazazi wa wasichana huniuliza pia habari za halali na chumba. Malaysia na Uturuki hutapata tabu. Kwingine, uliza hosteli ya wanawake iko umbali gani na maabara, kwa sababu maabara hutoka usiku.

Karatasi zianzwe mapema, sisi wa Amu kila kitu ni safari. Pasipoti mimi niliifuata Mombasa: mashua hadi Mokowe, kisha basi, na nilirudi mara mbili kwa sababu ya herufi moja. Jina katika cheti cha KCSE, cheti cha kuzaliwa na pasipoti liwe moja. "Mwanaisha" na "Mwana Aisha" kwetu ni mtu mmoja, kwa afisa wa viza ni wawili. Anayeenda Malaysia asikate tiketi kabla ya barua ya idhini inayopitia EMGS, shirika la huko linaloshughulikia viza za wanafunzi wa kigeni.

Na pesa ya kushikilia nafasi iende kwenye akaunti ya chuo, yenye jina la chuo. Wakala mara nyingi hulipwa na chuo kwa kila kichwa anachopeleka. Si haramu, ila ujue anaimba ngoma ya nani. Juma lililopita mtoto wa jirani alikuja na barua ya chuo kimoja cha India, nafasi inafungwa Ijumaa, wakala anataka elfu themanini kwa simu. Nikamwambia asitume. Tukatafuta anwani ya ofisi ya udahili kwenye tovuti ya chuo, tukaandika mistari mitatu: je, barua hii ni yenu, kozi hii ina NBA ya daraja gani, tulipe wapi? Jibu limekuja jana. Barua ni yao. Nafasi inafungwa mwisho wa mwezi ujao. La NBA wamelipita kimya, basi kesho baada ya alasiri anakuja tuliulize tena.