Somo: Injini Imekufa na Gari la Kijana Halijamaliza Hata Mwezi

Somo hili nimeliandika ili mzazi na kijana wake walisome pamoja. Kijana amedunduliza fedha, pengine nyumbani wamemuongezea, gari la mtumba limenunuliwa, na kabla furaha haijatulia injini imezima njiani na kugoma kuwaka. Ninayoyaona gereji ni kwamba hasara kubwa mara nyingi hutokea baada ya injini kuzima. Watu hupiga stata mpaka betri ichoke, hulisukuma gari ili liwake kwa gia, humimina maji ya baridi kwenye injini inayochemka, au humwita fundi wa karibu afungue hedi (sehemu ya juu ya injini) palepale barabarani. Ubovu uliokuwa mdogo unakua, na kile ambacho mngemuonyesha muuzaji kinapotea. Kwa hiyo fuateni hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya kwanza: zima, na ufunguo usiguswe tena

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, mshale wa joto ukipanda mwisho, au ukisikia chuma kinagonga chuma, zima gari mara tu unapopata pa kusimama salama. Taa ile ya oili inahusu presha. Oili inaweza kuwa imejaa kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na presha ikawa hakuna, kwa sababu pampu imekufa au njia zimeziba kwa tope la oili ya zamani. Presha ikikosekana, kranki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) inasuguana na beringi zake (vipande laini vinavyoishikilia) kavukavu, na beringi haziwezi kuvumilia hali hiyo kwa muda wowote wa maana.

Kama gari limechemka, kifuniko cha rejeta (kipoza maji ya injini) kisifunguliwe. Kifuniko hicho hubana presha ya karibu baa 1 juu ya hewa ya kawaida, ndiyo maana maji ndani yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua, yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuungua.

Gari likiwa limesimama, kijana aandike alichokiona na kusikia: taa ipi iliwaka, mshale wa joto ulikuwa wapi na kwa muda gani, mlio ulianza kabla au baada ya kuzima, moshi ulikuwa wa rangi gani. Mzazi, hapa naomba upunguze ukali. Kijana anayeogopa kufokewa atasema "ilizima tu ghafla", kumbe mshale ulikuwa juu tangu alipotoka. Jibu hilo linampeleka fundi kwenye ubovu mwingine kabisa, na mtalipia kazi isiyohitajika. Yeye ndiye shahidi pekee mliye naye.

Hatua ya pili: angalia bila kugusa spana

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kama ni kikavu, oili imekwisha. Kama oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi chanzo ni gasketi ya hedi (kizibo chembamba kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini). Utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha kumiminia oili peke yake usiwatie hofu, maana safari fupi fupi huuleta. Kijiti ndicho cha kuamini. Chungulia chini ya gari na ubavuni mwa bloku. Konrodi (fimbo inayounganisha kranki na pistoni, ile inayopanda na kushuka ndani ya silinda) ikikatika huweza kutoboa bloku, na tundu hilo utaliona kwa macho. Pigeni picha za kila kitu, pamoja na dashibodi inayoonyesha kilometa.

Hatua ya tatu: zungusha injini kwa mkono

Hatua hii hurukwa mno, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Weka gia nyutro, toa plagi zote, tia soketi kwenye bolti ya puli ya kranki, kisha zungusha polepole kuelekea upande ambao injini huzungukia. Fanya mizunguko miwili kamili, kwa kuwa kranki huzunguka mara mbili ili kila silinda imalize kazi yake yote. Sikiliza kwa mkono: unatakiwa kuhisi uzito ulio sawa sawa.

Ikigoma kabisa, msilie bado. Fungueni fani belti inayozungusha alteneta na kompresa ya AC, kisha jaribuni tena. Kompresa au alteneta iliyokaba inaweza kuizuia injini isizunguke, na nimeona watu wakiambiwa injini imenoki (imekufa) kumbe kilichokaba ni kompresa peke yake. Stata iliyong'ang'ania meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya kranki) nayo hufanya hivyohivyo. Ikiwa baada ya hayo bado haisogei, hapo ndipo tuseme imekaba kweli.

Ikizunguka na kugota mahali palepale kila mara, acha, usilazimishe. Huenda vali (mlango mdogo wa hewa na moshi) imegusana na pistoni. Hilo hutokea belti ya taiming ikikatika au kuruka meno, kwa sababu kwenye injini nyingi za sasa vali na pistoni hupishana kwenye nafasi ileile kwa zamu, na belti ndiyo inayopanga zamu hizo. Dalili yake nyingine ni stata kuzungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, mlio laini usio na mapigo.

Ikiwa gari lilipita kwenye maji mengi kabla ya kuzima, mtaona maji yakitoka kwenye matundu ya plagi. Maji hayabanwi, kwa hiyo atakayelazimisha stata yakiwa bado ndani atapinda konrodi. Gari la namna hiyo likishughulikiwa mapema linaweza kupona.

Hatua ya nne: vipimo

Kama inazunguka vizuri, pima kompresheni (presha ambayo kila silinda hubana). Betri iwe na nguvu, plagi zote ziwe nje, mafuta na umeme wa plagi vimekatwa, na kanyagio la mafuta likanyagwe mpaka chini. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi (kipimo cha presha) 120 na 200, lakini kinachosema ukweli zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 15, kuna tatizo. Silinda iliyo chini itie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi (pete za pistoni) zimechoka. Isipopanda, tazama vali au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yake.

Kisha mwaga oili kwenye chombo kisafi na ukate filta. Ifungue karatasi yake yote kama unavyokunjua feni ya karatasi, uipeleke juani. Chembe zinazometameta rangi ya fedha au ya shaba ni beringi zinazosagika. Pitisha sumaku: zinazonata ni chuma, labda kutoka kemshafti (mhimili unaofungua vali) au ringi. Oili hiyo na filta msitupe. Fungeni kwenye mfuko safi, andikeni tarehe.

Skana (kifaa kinachosoma kompyuta ya gari) nayo isomwe kabla ya mtu kufuta chochote. Kodi (namba za makosa) kati ya P0301 na P0304 zinataja silinda isiyochoma, na P0016 inasema kranki na kemshafti havikubaliani. Lakini tafuteni pia umbali uliosafiriwa tangu kodi zifutwe mara ya mwisho. Gari nyingi zenye OBD-II (mfumo wa gari kujipima lenyewe) huutunza. Ukikuta ni kilometa chache na zinaangukia kabla ya siku mliyonunua, basi kuna mtu aliyefuta kodi kabla ya kuwauzia.

Hatua ya tano: muuzaji kwanza, hedi baadaye

Injini ikishafunguliwa na fundi wenu, muuzaji atasema fundi huyo ndiye aliyeiharibu, na kumpinga ni kazi. Mwandikieni kwanza, kwa maandishi yenye tarehe: nini kimetokea, gari limetembea kilometa ngapi tangu mauziano, vipimo vimesemaje, na mnaomba nini. Mpeni nafasi ya kuja kuliona. Kama mlinunua kwa mfanyabiashara wa magari, mara nyingi mnakuwa na haki zaidi kuliko mkinunua kwa mtu binafsi chini ya maneno "linauzwa kama lilivyo". Hata hapo, mtu aliyeficha ubovu kwa makusudi huwa hana kinga ileile.

Hatua ya sita: tengeneza, badilisha, au achana nalo

Jumlisheni gharama nzima: injini au vipuri, kazi, oili, filta, gasketi, gari la kuvuta. Linganisheni na thamani ya gari likiwa zima. Kama gharama inakaribia thamani hiyo na bodi imeliwa na kutu au gia boksi inasitasita, liuzeni kwa vipuri. Kijana akae mezani wakati wa kuamua, na hesabu aione, kwa sababu gari ni lake na fedha iliyomo ni yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ndiye kijana mwenyewe. Gari linagonga chini nikikanyaga mafuta, likipoa linapungua. Aliyeniuzia anasema nitie oili nzito tu.

Jibu: Marahaba. Usilitembeze. Mlio mzito unaotoka chini na kuongezeka ukikanyaga mafuta mara nyingi ni beringi ya konrodi. Oili nzito huufunika mlio kwa muda, beringi inaendelea kuliwa, na mwisho konrodi hukatika na kutoboa bloku. Leo pengine utalipia beringi na kusaga kranki. Ukiendelea utalipia injini. Ushauri wake muombe aurudie kwa ujumbe wa maandishi, uutunze.

Swali: Fundi habari. Mwanangu ana miaka 17, alisaini mwenyewe karatasi ya mauziano. Tunaweza kurudisha?

Jibu: Salama mama. Katika nchi nyingi mkataba wa mtu aliye chini ya miaka 18 haumfungi kama unavyomfunga mtu mzima, na mara nyingine unaweza kutenguliwa. Masharti hutofautiana, kwa hiyo muone mwanasheria mapema, kabla hajafikisha miaka 18, na kabla hamjalifungua gari, kuliuza au kulitengeneza. Angalia pia hati ya umiliki imeandikwa jina la nani. Kama ni lako, mazungumzo yanabadilika.

Swali: Injini yetu ilichemka, gasketi imeungua. Fundi anataka kubadilisha gasketi tu arudishie. Ni sawa?

Jibu: Hapana, kaka. Hedi ya aluminiamu ikichemka hupinda. Aweke rula iliyonyooka juu yake na apitishe bamba jembamba la kupimia nafasi. Kwenye hedi nyingi kiwango cha kuvumilika ni karibu milimita 0.05 tu, na kitabu cha injini yako kinataja chake. Ikizidi isagwe, na ipimwe nyufa kwa presha. Bolti za hedi za aina inayovutika ziwe mpya. Halafu mtafute kilichoichemsha: thamostati (kidhibiti cha joto la maji), feni, pampu ya maji, rejeta iliyoziba. Hilo lisiporekebishwa, gasketi mpya itaungua vilevile.

Swali: Tumeamua kununua injini nyingine ya mtumba. Nitajuaje si mbovu kama hii?

Jibu: Iwe na kodi (namba ya aina) ileile ya injini. Ukubwa wa sisi 1500 kufanana hautoshi, kwa sababu nyaya, sensa na kompyuta vinaweza kugoma. Izungushwe kwa mkono mbele yako, kompresheni ipimwe, tapeti kava (kifuniko cha juu ya vali) ifunguliwe: ndani kuwe na rangi ya kahawia nyepesi, si tope jeusi. Udhamini uwe wa maandishi, na useme kama kazi ya kuifunga imo. Ikiwa injini bado haijafungwa kwenye gari, badilisheni belti ya taiming, pampu ya maji na oili sili ya nyuma ya kranki. Hivyo ni rahisi sasa na ghali baadaye. Kama hati ya gari inataja namba ya injini, iandikishwe mpya.

Swali: Dada yangu anaenda kuangalia gari lingine kesho. Aanzie wapi?

Jibu: Amwambie muuzaji asiliwashe kabla hajafika, kisha aguse injini ahakikishe ni baridi. Aweke ufunguo kwenye ON bila kupiga stata: taa ya oili na taa ya injini lazima ziwake zote mbili, kisha zizime gari likishawaka. Taa isiyowaka kabisa kwenye ON huenda imetolewa balbu au kukatwa waya, na gari hilo aliache hapohapo.