Namna ya kudai bei ya punguzo katika duka la vyakula Lubumbashi
Ukiona bei ya punguzo kwenye rafu, ipige picha kwa simu pamoja na tarehe ya mwisho ya matumizi ya bidhaa, kwa sababu huenda mashine ya keshia ingali na bei ya zamani. Kabla ya kulipa, uliza duka linabadilisha dola kwa faranga ngapi, maana punguzo lote laweza kumezwa hapo. Chenji ihesabu palepale. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo irudishe, kwani kesho litaikataa hata duka lililokupa. Bei zikitofautiana, mwonyeshe keshia picha kwa upole (kelele humfanya ajitetee tu), kisha uombe msimamizi aitwe. Risiti usiitupe kabla ya kukagua mifuko nyumbani.