SOMO: Kuimarisha gia kwa moto bila kuipasua

Wakuu, swali la "mbona gia yangu mpya imelika ndani ya mwezi" nimelijibu hapa Nyakato, Mwanza, mpaka sauti imekauka. Naliandika mara moja. Mfano ni pinioni (gia ndogo inayosukuma kubwa) ya mixer ya zege, chuma cha C45, yaani kaboni kama asilimia 0.45.

1. Hakikisha chuma kina kaboni ya kutosha.

2. Chonga meno, kisha ua kona kali kwa tupa, hasa kwenye njia ya kii (mfereji wa kufungia gia kwenye shafti).

3. Pasha taratibu hadi nyuzi 820–850 za Selsiasi. Sumaku huacha kushika kwenye 770, ikiacha panda bado kidogo. Fanyia kivulini, jua la saa saba linadanganya rangi. Ukizidisha moto, chembe za ndani zinakua na jino linakatika kirahisi.

4. Zima, yaani poza ghafla, kwenye maji; kipande chembamba, kwenye oili. Chovya wima, ukikoroga.

5. Rejesha, yaani pasha tena kwa moto mdogo, SIKU HIYOHIYO. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilizima pinioni jioni, ikakaza mpaka tupa inateleza juu yake kama kwenye kioo. Nikaiacha mezani nikawahi kivuko cha Kamanga, nikisema nitairejesha kesho. Asubuhi nikaikuta na ufa mwembamba kama unywele, umeanzia pembe ya njia ya kii ukapanda hadi shina la jino. Hakuna aliyeigusa usiku. Chuma kilichozimwa kinajivuta chenyewe ndani, na kinaweza kupasuka saa nyingi baadaye. Kwa hiyo ikipoa kiasi cha kushikika kwa mkono, iingie tanurini: nyuzi 180–200 kwa saa mbili kama kazi yake ni msuguano, 500 na zaidi kama inapigwa vishindo. Usiishie kati ya 250 na 370. Hapo ugumu unapungua na uvumilivu hauongezeki.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Mkuu nimezima gia kwenye maji haijakaza, tatizo nini?
— Chuma gani?
Mdau wa Igoma: Kipande cha nondo.
— Rudi hatua ya 1.

Mwanafunzi: Shikamoo fundi. Ndani ya chuma kunatokea nini hasa?
— Marahaba binti yangu, swali zuri sana. Kwenye moto mkali chuma hugeuka austenaiti, na kaboni yote inayeyuka humo. Kikipoa polepole, kaboni inapata muda wa kujitenga, unapata feraiti na pelaiti, chuma laini. Ukikizima ghafla kaboni inanaswa palepale, mpangilio unapindika kuwa matensaiti: ngumu, lakini haina subira, inakatika kirahisi. Tena inatanuka kidogo inapozaliwa, ndiyo maana kona kali hupasuka. Kurejesha kunaruhusu sehemu ya kaboni itoke, mvutano upungue.

Fundi Mabatini: Mimi sijawahi kurejesha na gia zangu ziko kazini.
— Ndugu yangu, huenda hazikukaza kabisa. Pitisha tupa kwenye jino. Ikila, hukuzima kitu.

Mvuvi wa Kirumba: Na gia za injini ya mtumbwi?
— Kaka, hizo kwa kawaida ni chuma chenye kaboni ndogo, kama asilimia 0.2, kilicholishwa kaboni kwenye nyuzi 900–930 kwa saa kadhaa. Kikizimwa, ngozi inakaza, moyo unabaki mvumilivu. Usiipashe tena kwenye jiko la wazi, utaichoma kaboni ya ngozi.

Mdau wa Sengerema: Sisi tukiilisha gia kaboni tunaipanga kwenye boksi la chuma, unga wa mkaa pande zote, mfuniko tunauziba kwa udongo.
— Sawasawa kabisa. Acha udongo ukauke kwanza, la sivyo unapasuka motoni na hewa inaingia.