Kuzuru Apple Park ukitokea Tanga
Mkazi wa Tanga anayekusudia kuzuru Apple Park, makao makuu ya Apple huko Cupertino, California, aanze na masharti ya viza ya Marekani, ambayo hubadilika, na ayahakikishe kwa ubalozi ulioko Dar es Salaam kabla ya kulipia tiketi yoyote. Ajue pia kwamba lile jengo la mviringo halifunguliwi kwa umma. Mgeni wa kawaida hupokewa katika kituo cha wageni, kilichofunguliwa mwaka 2017 ng'ambo ya barabara, chenye duka, mkahawa na, kilicho bora zaidi kwa maoni yangu, roshani ya juu inayotazama miti ya bustani. Kiingilio hakuna. Baadhi ya fulana za hapo haziuzwi katika maduka mengine ya kampuni hiyo, hivyo mwenye jamaa wengi Ngamiani na abebe begi lenye nafasi.