Somo: Kikoba kununua kompyuta za nyumbani, hatua kwa hatua (na maswali yenu)

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alikuja kwangu na laptopu ameiviringisha kwenye kanga kama kichanga. Aliinunua kwa mkopo wa kikoba, miezi saba ilikuwa imepita, na ilikuwa imewashwa mara tatu tu. Nikaiwasha, ikawaka vizuri kabisa. Shida ni kwamba nywila anaijua kijana wake, na kijana yuko bweni hadi likizo. Mkopo mama alikuwa amelipa wote, na riba juu.

Tangu nistaafu ualimu nimekaa na vikundi vinne vya akina mama hapa Morogoro kwa kazi hii ya kompyuta. Kimoja kiliharibikiwa, na mimi nilichangia kukiharibu, nitaeleza. Mpangilio wa somo hili utawaudhi wenye haraka, maana kununua ni hatua ya nne.

Hatua ya 1: Kila mwanachama ataje kazi ya kompyuta nyumbani kwake

Kaeni kikao kimoja, katibu aandike. "Watoto wasome" msilikubali peke yake, ulizeni wasome nini. Kuna anayetaka mtoto asome vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania kwenye Maktaba Mtandao. Kuna mwenye binti aliyemaliza kidato cha sita, atahitaji kuomba chuo na kujaza maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, na stesheneri wanamtoza kila anaporudi kurekebisha kosa dogo. Kuna muuza vitenge anayetaka kujua nani anadaiwa nini. Hizo ni kazi.

Anayetaka kutuma picha na kuangalia matokeo ya NECTA mwambieni ukweli: simu yake inatosha, hela yake akanunulie mabati. Kikundi cha mwisho nilichokaa nacho walijitoa wawili hivyo, na hakuna aliyenuna.

Msisubiri kugawiwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umepeleka kompyuta kwenye shule za umma, na wenzetu Kenya serikali yao ilianza kupeleka tableti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016. Hivyo ni vifaa vya shule, na jioni mtoto anaviacha shuleni. Cha nyumbani ni juu yenu.

Hatua ya 2: Kapu la kompyuta liwe peke yake

Msichanganye na hisa wala mfuko wa jamii. Tuseme mko 15 na kila mmoja anaweka shilingi 10,000 kwa wiki juu ya hisa zake za kawaida. Hiyo ni 150,000. Kama mmepata laptopu ya mtumba kwa 450,000, mnanunua moja kila wiki ya tatu. Mashine 16 zinachukua wiki 48.

Kwa nini 16 na wanachama ni 15? Mashine ya kwanza ni ya kikundi. Haiendi kwa mwenyekiti wala kwa mwenye shida sana. Inakaa kwa mweka hazina pamoja na lile sanduku la funguo tatu, na ndiyo mtakayojifunzia. Hapa mtabishana, bishaneni mmalize.

(Mfumo huu wa kuweka na kukopeshana uliokuja kuwa VICOBA kwetu mizizi yake iko Maradi, Niger, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE mwaka 1991. Wengi wao hawakujua kusoma, hesabu zao waliziweka kichwani. Basi asiniambie mtu kompyuta ni ya waliosoma.)

Hatua ya 3: Mafunzo kabla ya mashine, na mama kwanza

Kikundi kile kilichoharibikiwa tulinunua laptopu nane kwa mpigo, tukagawa, tukapiga vigelegele. Mafunzo tukasema yatafuata. Baada ya miezi mitatu saba kati ya nane zilikuwa za watoto: filamu, michezo, na mbili zimevunjika kioo. Mama mwenye nyumba hana anachojua, kwa hiyo hana anachoweza kukataza. Tangu hapo kanuni yangu ni moja: anayelipa ndiye anayejifunza kwanza, mtoto atafundishwa na mama yake.

Wagawe watatu watatu, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 10 hadi saa 12 jioni. Wote 15 wanapita kwa wiki moja kwenye mashine ile ile. Wakizidi watatu, wa nne anakuwa mtazamaji.

Wiki ya kwanza ni mausi tu. Msicheke. Mama mmoja nilimwambia "peleka mshale juu" akainua mausi hewani, akaielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu "juu" kwa mtu yeyote mwenye akili ni juu. Siku hizi nasema "sukuma mbali na wewe". Dawa ya mkono mzito ni mchezo wa karata ulio ndani ya kompyuta: kuburuta, kuachia, kubofya mara mbili, vyote vimo, na anayecheza hajui kama yuko darasani.

Wiki ya pili ni kuandika, kuhifadhi, kuzima, kuwasha, na kukipata ulichoandika. Hapo ndipo watu wengi hukwama miaka. Anajua kuchapa barua nzuri, ukimwambia akuoneshe barua ya jana anaanza kutoka jasho.

Wiki ya tatu mnafungua daftari la kikoba lenyewe na kulihamishia kwenye jedwali: majina, hisa, mkopo, marejesho. Excel kama ipo, au LibreOffice ambayo ni ya bure. Nimejaribu mifano ya vitabuni ya "maembe na machungwa", haina uhai. Lakini mama akiona jina lake limeandikiwa hisa tatu na yeye anajua alinunua nne, anasogea karibu na kioo mwenyewe. Kikundi kimoja walikuta kosa la shilingi 12,000 lililokuwa limelala kwenye daftari tangu mwaka wa nyuma. Mweka hazina hakufurahi.

Wiki ya nne ni barua pepe, nywila na matapeli. Wale wa "tuma kwa namba hii" mnawajua. Kwenye kompyuta wanakuja na dirisha jekundu linalosema mashine yako ina virusi, piga simu hapa. Funga, usipige.

Kisha mtihani: washa, ingiza nywila, fungua jedwali, ongeza mstari mmoja, hifadhi, nakili kwenye flashi, zima. Bila kusaidiwa. Aliyefaulu jina lake linaingia kwenye kura ya kupata mashine. Ambaye bado anaendelea na zamu, hela yake iko salama kapuni.

Hatua ya 4: Kununua

Tafuteni laptopu za ofisini za mtumba, zile nene kidogo: ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell, EliteBook ya HP. Zilitengenezwa zifunguliwe na kutengenezwa. Zile nyembamba za kung'aa za bei hiyo hiyo waachieni wenye hela ya kupoteza.

Muuzaji atakwambia "hii ni Core i5" kana kwamba amemaliza maneno. Hajamaliza. Omba jina kamili la prosesa, yaani ubongo wa mashine. Ikiwa i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi. Ikiwa i5-8250U, ni kizazi cha 8. Ikiwa i5-10210U, ni cha 10. Windows 11, mfumo unaoendesha kompyuta, inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na hapo ndipo bei inapopaswa kutofautiana. Msichanganye na herufi G ya HP: EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, na 840 G5 nyingi ni cha 8. Nimeona mtu akiuziwa G5 kwa maelezo kwamba ni "kizazi cha tano", na mwingine akiikataa kwa sababu hiyo hiyo.

RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB 8. Diski, ghala la mafaili, iwe SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Mashine ya zamani yenye SSD inaishinda mpya yenye diski ya kuzunguka.

Betri usiulize, pima. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakwambia imeweka ripoti wapi. Tafuta namba mbili: uwezo wa kiwandani (Design Capacity) na uwezo wa sasa ikijaa (Full Charge Capacity). Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili 31,000, imebaki asilimia 62. Ikiwa chini ya nusu, bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya mashine.

Sasa kuna jambo la kufuli. Katika zile nane zetu, moja ilianza kusumbua, fundi akaifuta na kuanza upya. Ilipounganishwa na intaneti ikaleta jina la kampuni ya Ulaya na kudai barua pepe ya mfanyakazi wao. Mashine haikuwahi kuondolewa kwenye mfumo wa mwenye nayo wa kwanza. Duka lilikuwa halina risiti yoyote ya kutuonesha, na waranti ilikuwa ya mdomo. Kwa hiyo siku hizi tunafuta na kuanza upya pale pale dukani, kwa intaneti ya simu yetu, muuzaji akitazama. Pia tunaizima, tunaiwasha huku tukibonyeza F1, F2 au F10 kulingana na aina. Ikidai nywila kabla hata ya Windows kuonekana, tunaiacha. Muuzaji mwaminifu hakatai haya. Risiti ya EFD, waranti kwa maandishi, namba ya mashine ikiwemo.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza nyumbani

Akaunti mbili: ya mama yenye mamlaka ya kuweka programu, na ya watoto isiyo nayo. Mashine ikae sebuleni. Kabla haijatoka kwa kikundi ijazwe vitu vya kutumia bila bando: programu ya Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili, na ya Kolibri yenye masomo. Vyote ni vya bure, mnavipakua mara moja na kunakili kwa flashi.

Umeme usiwatishe. Chaja nyingi za laptopu hizi ni wati 65. Hata ikivuta zote kwa saa nne, ni kama robo uniti ya LUKU.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Kwetu Tanga aliyepata wa kwanza kwenye mchezo aliacha kuchangia. Tufanyeje na huyu wa kompyuta?

Marahaba mwanangu. Mashine ibaki mali ya kikundi hadi mchango wa mwisho, na hilo liandikwe, asaini yeye na mdhamini kutoka humo humo kikundini. Halafu mkitoka kikaoni mpitieni nyumbani, msimsubiri aje. Nusu ya wanaoacha wana msiba au ugonjwa wanaouonea aibu kusema.

Mwalimu, ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haiwezi kutununulia?

Ile haina riba, na inagawiwa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, lakini ni ya mradi wa kuzalisha. Kompyuta ya sebuleni kwako si mradi. Kama mnataka kufungua stesheneri ya kikundi, kuchapa na kusaidia watu kujaza maombi, hapo nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na andiko. Msimdanganye, atakuja kukagua.

Shemeji yangu anasema Windows 10 imekufa, eti kompyuta yangu ya kizazi cha 6 niitupe. Kweli?

Alichosema kina nusu ya ukweli. Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, yaani viraka vya usalama vilivyokuwa vinakuja vyenyewe vilifika mwisho. Mashine yenyewe ni nzima. Mwambie fundi aweke Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, wa bure, inafanana na ulichozoea, na LibreOffice imo tayari. Shemeji akikuambia ni ngumu, muulize ameitumia lini.

Nikiunganisha na simu bando linaisha usiku mmoja, na mimi sijafungua kitu!

Kompyuta inajisasisha yenyewe, dada. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, chagua jina la simu yako, washa sehemu inayosema huo ni mtandao wa kulipia kwa kipimo (metered connection). Masasisho makubwa yapelekee mahali penye Wi-Fi ya bure mara moja kwa mwezi. Na ukimaliza kazi zima hotspoti ya simu.

Mdogo wangu yuko Muscat, anataka kutuletea laptopu tano za ofisi yao. Kibodi zina Kiarabu, ni tatizo?

Si tatizo, herufi za Kiarabu zimechapwa pembeni, za kwetu ziko pale pale, na plagi zao ni zile zile za miguu mitatu. Akuletee barua ya ofisi inayosema wamezitoa, na wataalamu wao waziondoe kwenye mfumo wa ofisi kabla hajapanda ndege. Yakimpita hayo utarudi Hatua ya 4, sehemu ya kufuli. Habari za forodha aulize wakala kabla, tano si moja.

Mwalimu, ni mimi wa kanga. Kijana amepiga simu kutoka shule, nywila tumeipata. Ni jina la yule mbuzi wetu mkubwa. Niiache hivyo hivyo?

Badilisha leo hii, mama. Jina la mbuzi huyo mtaa mzima tunalijua, unamwita kila jioni.