Somo: Namna ya kusoma kinyago cha shambani katika hadithi na filamu

Mwanafunzi akikutana na sanamu ya kutishia ndege ndani ya hadithi, mara nyingi anaandika "ni ishara ya hofu" kisha anafunga daftari. Jibu hilo si kosa, ila limechumwa bichi. Leo nataka tulisubiri liive, na tutaanzia mahali ambapo sisi watu wa Kusini tuna faida kubwa: shambani.

Hatua ya kwanza: ijue kazi yake kabla ya kutafuta maana yake

Bibi yangu alilima mpunga bonde la Mto Lukuledi, upande wa Lindi. Punje zikianza kujaa maziwa ndipo minana na kwelea kwelea wanaposhuka, na kuamia ndege ilikuwa kazi yetu watoto. Alfajiri uko juu ya dungu, kombeo mkononi. Ikifika saa nne sauti imekauka kwa kupiga kelele. Kwa kuwa hatukutosha kila kona, bibi alisimamisha kinyago. Miti miwili imefungwa msalaba, shati la babu la kaki lenye mfuko uliochanika, kichwa ni kibuyu kilichopasuka kikavishwa kofia ya ukindu, na mikononi ametundika utepe wa kaseti unaovuma upepo ukipita.

Siku tatu za kwanza hakuna ndege aliyesogea. Siku ya nne wakawa wanazunguka kwa mbali. Wiki ilipokwisha nilimwona mnana mmoja ametua begani mwa lile shati, anapangusa mdomo kwenye ukosi, kulia, kushoto, kama mtu anayenoa kisu. Kisha akashuka kula.

Shika picha hiyo, maana ndiyo itakayotufungulia hadithi zote zilizobaki. Kinyago cha shamba ni umbo la mtu lisilo na mtu ndani, limewekwa lidanganye kwa muda, na muda huo unakwisha.

Hatua ya pili: uliza nani anajua

Mkulima anajua. Ndege hajui, mpaka siku atakapojua. Mwandishi mzuri huitafuta siku hiyo.

Shakespeare aliiona. Katika tamthilia yake ya Measure for Measure, Angelo, aliyekabidhiwa kuhukumu mji, anaonya kwamba sheria isifanywe kinyago cha kutishia ndege, kikasimama vile vile bila kubadilika hadi ndege wakakizoea na kukigeuza mahali pa kutua. Nikisoma maneno hayo namwona mnana wa bibi. Tena angalia ni nani anayesema: baadaye Angelo huyo huyo ndiye anayetaka kuivunja sheria aliyoitetea kwa ukali. Maneno ni ya kweli, aliyeyasema ndiye kinyago.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1900 L. Frank Baum alitoa The Wonderful Wizard of Oz, kitabu cha watoto ambacho ndani yake kinyago cha majani makavu kinaandamana na msichana Dorothy kwenda kumwomba Mchawi wa Oz ubongo. Wengi wanaikumbuka filamu ya mwaka 1939, lakini kitabuni kuna kipande ambacho ni lazima ukisome polepole. Kinyago anasimulia kwamba ndege walimwogopa mwanzoni, mpaka kunguru mmoja mzee akatua begani kwake, akagundua ni majani matupu, akashuka na kula mahindi mpaka akashiba. Wengine wakamfuata. Halafu kunguru huyo huyo akamfariji: ungekuwa na ubongo, ungekuwa mtu kama watu wengine.

Umeona? Tamaa ya ubongo ilizaliwa siku aliyoshindwa kazi. Anayemfundisha kwamba kuna kitu amekikosa ni yule yule aliyemdharau. Kwangu mimi hapa ndipo penye moyo wa kitabu chote, na nasikitika kila nikiona muhtasari wa darasani unaopita juu yake.

Hatua ya tatu: chungulia kilichojazwa ndani

Mchawi wa Oz anamjaza kinyago kichwani pumba zilizochanganywa na pini na sindano. Kwenye filamu anampa cheti. Tofauti hiyo inatosha insha nzima: kitabu kinacheka kinachowekwa kichwani, filamu inacheka kinachotundikwa ukutani.

Nathaniel Hawthorne, katika hadithi fupi ya Feathertop ya mwaka 1852, anakwenda mbali zaidi. Mama mmoja mchawi anaunda kinyago cha kulinda mahindi yake: uti wa mgongo ni mpini wa ufagio, kichwa ni boga. Anakitia kiko mdomoni, na kila kikivuta moshi kinazidi kuwa kijana mtanashati. Anakituma mjini kuposa. Mambo yanakwenda vizuri hadi kinapojiona kwenye kioo, na kioo kinaonyesha ufagio, boga na matambara. Kinarudi kwa aliyekiunda, kinatupa kiko na kuporomoka chini. Methali yetu inasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hapa kinyago kimejitisha chenyewe.

Hatua ya nne, kwa filamu tu

Tazama umbali na utulivu. Kamera ikikiweka kinyago mbali, kimesimama kimya, wewe mtazamaji umepewa nafasi ya ndege: hujui kama ni mtu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Newala: Shikamoo mwalimu. Je, lipiko letu nalo tulihesabu kuwa kinyago cha namna hii?

Marahaba mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote. Yale ya ndani ya jando na unyago nayaacha huko huko yanakokaa, lakini linaloonekana uwanjani tunaweza kulizungumza. Lipiko ni kinyago cha mti kinachovaliwa kichwani, mara nyingine kimewekewa nywele za binadamu, na mchezaji amefunikwa nguo mwili mzima asitambulike. Kwa hiyo ndani yumo mtu, lakini anataka usimwone mtu, umwone mzimu. Kinyago cha shamba hakina mtu, lakini kinataka umwone mtu. Vyote viwili vinatisha kwa siri ya ndani, ila siri zenyewe zinapishana njiani. Ukiandika ulinganisho huo, usiseme kimoja ni cha sanaa na kingine ni cha kilimo tu. Aliyemvalisha shati na kofia alikuwa anachonga pia.

Kutoka Nachingwea: Mwalimu, kwenye mtihani niite ishara au sitiari?

Inategemea kinyago kipo wapi. Kikiwa ndani ya hadithi, kimesimama, kinaonekana, kinarudi mara kwa mara na kubeba maana zaidi ya umbo lake, hiyo ni ishara. Kikitajwa tu ili kusemea kitu kingine, kama sheria ya Angelo, hiyo ni sitiari. Kikija na "kama" ni tashbiha: soma Yeremia 10:5 kwenye baadhi ya tafsiri za Kiswahili, ambapo miungu ya sanamu inalinganishwa na kinyago kwenye shamba la matango, hakisemi wala hakitembei. Kinyago cha Oz kinachoongea na kutembea kina tashihisi juu ya ishara. Taja zote mbili.

Kutoka Kilwa: Kaka, mbona kwenye filamu za kutisha kinyago ni muuaji kila mara?

Si kila mara, dada yangu. Itafute filamu ya televisheni ya Marekani ya mwaka 1981, Dark Night of the Scarecrow. Mwanamume mwenye akili ya mtoto anasingiziwa kumdhuru msichana mdogo. Mama yake anamficha ndani ya kinyago shambani, na wanaume wenye hasira wanamkuta na kumpiga risasi pale pale alipofungwa kwenye mti. Kisasi kinakuja baadaye, lakini damu ya kwanza ni ya aliye ndani ya kinyago. Kumbuka tulichosema juu ya lipiko, kisha itazame tena.

Kutoka Lindi mjini: Mwalimu, umetuacha njiani. Ndege walipokizoea, bibi alifanyaje?

Kwanza alikihamisha. Kila baada ya siku mbili tatu kilikuwa upande mwingine wa shamba, kimebadilishiwa shati. Hilo lilisaidia kwa muda. Kisha asubuhi moja nilifika nikakuta miti mitupu imelala kwenye tuta. Kinyago kilikuwa katikati ya mpunga, kimenyoosha mikono, shati la kaki, kofia ya ukindu usoni. Minana walishuka kama walivyozoea. Mmoja akakaribia bega. Bibi akapiga kofi.