Simu ya Mama Uyole inakoroma? Anza na filta

Umemlipia Mama intaneti kule Uyole ili muonane kwa video, wiki haijaisha anakuambia, “Mwanangu, hii simu ya mezani nasikia kama mvua kwenye bati.” Usitume hela ya fundi kwanza. Kwetu fundi alibadilisha simu mbili kabla mpwa wangu hajagundua kinachokosekana: kidude kidogo kama kiberiti, filta.

Kwenye waya wa shaba, sauti ya mtu hupita chini ya hezi 3,400 hivi, na intaneti ya ADSL (ile inayopita kwenye waya huo huo wa simu) huanzia juu ya kilohezi 25. Simu haijui kuchagua, inapokea vyote, ndiyo maana inakoroma. Nayo ikiita au ikinyanyuliwa, intaneti inakatika. Filta huzitenganisha.

Wengi hukosea hapa: filta ni ya simu, si ya modemu. Ukiiweka mbele ya modemu, intaneti haishiki kabisa. Kama ina matundu mawili, lililoandikwa DSL ni la modemu. Na kila chombo kingine kilichochomekwa kwenye laini hiyo kinataka filta yake: simu ya sebuleni, ya chumbani kwa Mzee, faksi, hata king'amuzi chenye waya wa simu.

Kukagua ukiwa mbali, mpigie kijana wa nyumbani kwa simu ya mkononi (mimi nilipiga ya mezani, nikamwambia aichomoe, nikabaki naongea peke yangu). Achomoe kila kitu, abakize simu moja, modemu ikiwa imezimwa. Ikikoroma bado, ajaribu simu nyingine. Nayo ikikoroma, tatizo ni waya, pengine maji yameingia kwenye maungio, hiyo ni kazi ya kampuni. Ikinyamaza, awashe modemu, kisha arudishe chombo kimoja kimoja, kila kimoja na filta yake. Kelele ikirudi, hapo hapo ndipo penye filta mbovu au pasipo na filta. Mwambie aangalie na nyuma ya kabati la vyombo; kwetu soketi ya zamani ilikuwa huko, na simu iliyosahaulika bado imechomekwa.

Ukiwa Uingereza usinunue filta za huko ukazituma: plagi yao ya simu ni ya umbo jingine. Tafuta zenye RJ11, ile plagi ndogo ya kawaida ya simu, pande zote. Na kama nyumba imevutiwa mkongo, filta haihitajiki.